Meli Yenye Mlango

Fundi wa vyombo vya bahari hufanya kazi nyingi, lakini iliyo kubwa kuliko zote ni kuziba. Hupasua mbao, hupinda mataruma na hupigilia misumari. Kazi hizo hazina faida mpaka aketi ubavuni mwa jahazi na patasi yake ya kukalafati, asukume pamba iliyoloweshwa mafuta katika kila mwanya ulio baina ya ubao na ubao. Hata akimaliza, ajua kwamba hapana chombo kisichokunywa maji. Kwa sababu hiyo chombo kina ngama, mahali pa chini kuliko pote, ambapo maji hukusanyika na mabaharia huyafua usiku na mchana. Wahenga walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watu huitumia methali hiyo kwa tabia za wanadamu, na ni haki yao. Lakini ndani yake imo elimu kamili ya chombo. Maji yaliyoingia yatakimbia mbele na nyuma kwa kadiri ya mawimbi, na mwisho lazima yapate mahali pa kutulia, na mahali hapo pawe chini.

Meli ya kuvusha magari ilikwenda kinyume cha mafundisho hayo yote mawili. Kwanza, ilikatwa mlango mpana kama uso wa nyumba, katika tezi au katika omo, mahali ambapo mawimbi hupiga kwa nguvu zaidi. Pili, ndani ya mlango huo kulijengwa sitaha moja ndefu isiyo na ukuta wala kiambaza, ili magari yapite bila kizuizi. Na sitaha hiyo iko juu ya usawa wa bahari, mbali na ngama, kwa hiyo maji yakiingia hayana pa kushukia. Fundi wa jahazi angeonyeshwa meli hiyo angeuliza kama mjenzi ana akili timamu. Akili alikuwa nayo. Habari za mwanzo wa meli hizo zastahili kusimuliwa kwa sababu hiyohiyo: mlango ule haukukatwa na wajinga, wala haukukatwa kwa siku moja, na kila aliyeupanua alikuwa na hoja ambayo mtu mwenye haraka hawezi kuikataa.

Yafaa kutenganisha mambo mawili kabla ya kuendelea. Wakazi wa Dar es Salaam huita pantoni kile chombo kinachowavusha kwenda Kigamboni, na wa Mombasa huita feri kile cha Likoni. Vyombo hivyo hukata maji ya bandari yaliyokingwa na nchi kavu, na safari yake ni ya dakika chache. Habari hizi ni za vyombo vilivyotoka nje ya bandari vikaingia baharini, vikiwa na mlango uleule.

Wa kwanza kutajwa ni Thomas Bouch, mhandisi wa reli huko Scotland. Reli ya mashariki ya nchi hiyo ilikatizwa na ghuba ya Forth, ambayo kwa wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kuijengea daraja. Mizigo ilishushwa kutoka mabehewa upande mmoja, ikapakiwa melini, ikashushwa tena, ikapakiwa katika mabehewa mengine. Na kila mkono ulioigusa ulitaka ujira. Mwaka 1850 meli iliyoitwa Leviathan ilianza kuvusha mabehewa yenyewe pamoja na mizigo yake, kati ya Granton na Burntisland, juu ya reli zilizotandikwa sitahani. Kujenga meli haikuwa taabu kubwa. Taabu ilikuwa ni bahari kujaa na kupwa. Gati haliondoki mahali pake, lakini meli hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na behewa haliwezi kuruka. Bouch alitengeneza daraja linalotembea juu ya mteremko wa mawe, likisogezwa juu au chini kwa kufuata maji, na ncha yake ikalala juu ya meli. Jambo hilo dogo ndilo msingi wa yote yaliyofuata: si meli iliyokosekana duniani, ni kiungo baina ya kitu kinachoelea na kitu kisichoelea. Leviathan na wenzake walifanya kazi hiyo mpaka daraja la Forth lilipofunguliwa mwaka 1890. Abiria hawakuvushwa ndani ya mabehewa. Wao walipanda meli nyingine kwa miguu yao. Bouch mwenyewe hakumaliza kwa sifa. Daraja alilolijenga juu ya mto Tay lilianguka katika dhoruba ya tarehe 28 Desemba 1879 pamoja na gari moshi lililokuwa juu yake, akafariki mwaka uliofuata. Watu wengi humkumbuka kwa daraja lililoanguka, na wachache kwa lile lililotembea.

Wadenmark waliifuata njia hiyo kwa bidii, maana nchi yao ni visiwa. Meli yao ya kwanza ya kuvusha mabehewa ilianza kazi mwaka 1872, na kufika mwaka 1909 Ujerumani na Sweden zilikuwa zimeunganishwa kwa meli za namna hiyo kati ya Sassnitz na Trelleborg. Lakini behewa ni mali ya kampuni ya reli, na kampuni ya reli ina gati lake, reli zake na subira yake. Gari la mtu binafsi ni jambo jingine. Mwenyewe amelinunua ili asimngojee mtu.

Katika miaka ya 1920 Mwingereza aliyetaka kwenda Ufaransa na gari lake alikuwa na safari ya kuchosha kabla ya safari. Alilipeleka gari Dover. Mafuta yote yalimwagwa kutoka tangini, kwa kuwa wenye meli waliogopa moto. Gari lilifungwa kamba na nyavu, likainuliwa kwa winchi, likaning'inia hewani juu ya gati na juu ya maji, huku mwenyewe akitazama chini akiwa ameshika kofia yake. Kisha likateremshwa katika ngama ya meli ya mizigo kama gunia la viazi. Calais likatolewa kwa njia ileile. Mara nyingine mtu alifika upande wa pili akalisubiri gari, kwa maana yeye alisafiri kwa meli ya abiria na gari kwa meli ya shehena. Nauli ilikuwa kubwa, nayo ilipangwa na kampuni ya reli ya kusini, Southern Railway, ambayo haikuwa na mshindani wala sababu ya kuipunguza.

Mmoja wa waliokasirishwa na nauli hiyo alikuwa Kapteni Stuart Townsend. Mwaka 1928 alikodi meli ndogo ya makaa iliyoitwa Artificer, iliyoweza kuchukua magari 15 na abiria 12, akaanza kuvusha magari kwa bei nafuu. Nia yake, kwa jinsi inavyosimuliwa, haikuwa kufanya biashara. Alitaka kuiaibisha kampuni ya reli ipunguze nauli, kisha aende zake. Alikodi meli kwa mwezi mmoja tu. Biashara ilimpendeza kuliko ugomvi, naye akabaki. Mwaka 1930 alikuwa na meli yake mwenyewe. Alinunua manowari ndogo iliyojengwa kwa kazi ya kuondoa mabomu ya baharini, akaitengeneza upya, akaiita Forde. Ilichukua magari 30 na abiria 168, na abiria sasa aliweza kusafiri katika chombo kimoja na gari lake, jambo ambalo leo halimshangazi mtoto. Kampuni ya reli iliamka. Mwaka 1931 ilileta meli yake, Autocarrier, iliyochukua magari 35, na nauli ikashuka kama Townsend alivyotaka tangu mwanzo.

Sasa msomaji aiangalie tezi ya Forde. Townsend alipoitengeneza alikata tezi hiyo akaweka mlango wa kuteremshwa, ili magari yaingie na kutoka kwa magurudumu yake. Mlango huo ulikaa bila kazi. Dover hapakuwa na daraja la kuufikia, wala Calais, na magari ya Forde yakaendelea kuning'inia katika winchi mwaka baada ya mwaka kama magari ya meli nyingine zote. Siku yake ilifika mwaka 1936, wafanya kazi wa winchi wa Calais walipogoma. Magari hayakuwa na wa kuyainua, basi mlango wa tezi ukafunguliwa na magari yakapitishwa hapo mpaka gatini. Mgomo ulipokwisha, winchi zilirudi. Mtu angedhani kwamba walioiona kazi ya siku ile wasingekubali tena kuona gari likining'inia. Lakini bandari ni mahali pa mazoea, na mazoea yana wenyewe wanaolipwa kwayo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya haki zaidi, nayo ni ileile iliyomsumbua Bouch. Bamvua ya Dover hupandisha bahari kwa kadiri ya mita 6, karibu mara mbili ya bamvua ya Mombasa. Gari linaloingia melini maji yakiwa yamejaa lingelazimika kushuka kama kwenye paa la nyumba maji yakiwa yamekupwa. Kampuni ya reli ilipotaka kuvusha mabehewa kutoka Dover kwenda Dunkirk iliamua kulimaliza jambo hilo kwa nguvu. Ilijenga birika kubwa lenye malango: meli huingia, malango hufungwa nyuma yake, na maji yaliyomo huongezwa au hupunguzwa kwa pampu mpaka reli za sitaha zilingane na reli za nchi kavu. Mpango ulikuwa mzuri juu ya karatasi. Chini ya Dover, lakini, ni mwamba wa chokaa wenye nyufa, na kila maji yalipopigwa pampu kutoka shimoni yaliingia mengine kwa nyufa hizo. Meli tatu, Twickenham Ferry, Hampton Ferry na Shepperton Ferry, zilikwisha jengwa mwaka 1934, zikakaa zikingoja mahali pa kuegesha. Mafundi waliacha kushindana na maji, wakajenga chini yake kwa kuwatumia wapiga mbizi.

Hatimaye, mwezi wa Oktoba 1936, abiria aliweza kulala kitandani ndani ya behewa mjini London na kuamka Ufaransa akielekea Paris, bila ya kuutia mguu wake chini. Walichukuliwa pia magari kama 25 katika gereji iliyokuwa juu ya sitaha ya mabehewa, na hayo yaliingia yakiendeshwa. Wasafiri wa behewa la kulala walilalamika kwamba usingizi haukuwapo, maana mabaharia waliyafunga mabehewa sitahani kwa minyororo na sauti yake ilifanana na ya gereza. Minyororo ile ilikuwa rafiki yao kuliko godoro, lakini ni vigumu kumweleza hivyo mtu aliyeamshwa saa nane za usiku.

Meli iliyojengwa toka mwanzo kwa ajili ya mlango ilitoka Scotland. Kiwanda cha Denny cha Dumbarton kiliimaliza Princess Victoria mwaka 1939, kwa safari za bahari iliyo kati ya Stranraer katika Scotland na Larne katika Ireland ya Kaskazini. Magari yaliingia kwa tezi, na bandari zote mbili ziliwekewa madaraja ya kuyapokea. Ilipata wiki chache tu za amani. Vita vilipoanza ilichukuliwa na jeshi la majini, ambalo mara moja liliona faida ya mlango katika tezi: mabomu ya baharini yaliweza kudondoshwa kwa njia hiyo. Mwezi wa Mei 1940 meli yenyewe iligonga bomu la adui katika mlango wa mto Humber ikazama.

Vita viliikuza elimu ya mlango kuliko amani yoyote. Waingereza walipofukuzwa Dunkirk mwaka 1940 waliacha ufukoni magari na vifaru vyao, na serikali yao ikataka meli ziwezazo kufika pwani isiyo na gati na kumwaga vifaru mchangani. Za kwanza zilipatikana kwa hila. Zilikuwapo meli za mafuta zilizojengwa kwa ajili ya ziwa Maracaibo la Venezuela, ambalo mlango wake una kina kidogo. Meli zisizohitaji maji marefu. Tatu kati yake zilikatwa omo zikatiwa milango. Kisha Marekani ilichora mfano ulio bora zaidi na kuunda meli zaidi ya 1,000 kwa mfano huo. Omo yake iligawanyika mbele kama kabati, na nyuma ya milango hiyo palikuwa na daraja lililoinuliwa wima likawa ukuta wa pili. Jambo hili la ukuta wa pili likumbukwe.

Amani iliporudi meli hizo zilikuwa nyingi na kazi hazikuwapo. Frank Bustard, aliyekuwa zamani mtu wa kampuni ya White Star, alikuwa ameanzisha kampuni mwaka 1934 kwa nia ya kuwavusha watu Atlantiki kwa nauli ndogo, na nia hiyo haikutimia. Mwaka 1946 alikodi meli tatu za vita za namna hiyo kutoka kwa serikali, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo ya kwanza, Empire Baltic, ilikwenda kutoka Tilbury hadi Rotterdam na shehena ya magari ya jeshi. Alikuwa ameona jambo ambalo wenye bandari walichelewa kuliona: lori likiingia melini na mzigo wake na kutoka nao, hapana kuli atakayeugusa mzigo huo njiani. Kufika mwaka 1948 malori ya biashara yalikuwa yakivuka kati ya Preston na Larne. Kwa hiyo upande huo wa bahari ya Ireland palikuwa na milango ya omo iliyoundwa kwa vita, na jirani yake ikapita Princess Victoria ya pili, iliyoanza kazi mwaka 1947, ikiwa imejengwa kwa kuifuata ile iliyozama.

Tarehe 31 Januari 1953 Princess Victoria iliondoka Stranraer asubuhi, kiasi cha saa mbili kasorobo, na watu wasiopungua 170. Dhoruba ilikuwa imetangazwa. Ni dhoruba ileile ambayo usiku wa siku hiyo ilivuka Bahari ya Kaskazini ikavunja kingo za Uholanzi na kuua watu 1,836 huko, na zaidi ya 300 katika pwani ya mashariki ya Uingereza. Ndani ya ghuba maji yalikuwa ya kuvumilika. Nje ya ghuba nahodha James Ferguson aliona kwamba haiwezekani, akajaribu kurudi, na katika kugeuka tezi ikaelekea mawimbi. Wimbi likaupiga mlango ukapinda. Mabaharia walikwenda kuufunga, haukufungika. Palikuwapo mlango wa pili wa kushushwa kutoka juu, lakini ulikuwa mzito na wenye taabu, na desturi ya meli ilikuwa kuuacha juu. Nahodha akafikiri kurudi kinyumenyume ili bahari ipige omo, kwa kutumia usukani uliokuwa mbele. Usukani huo ulifungwa kwa chuma ambacho ilibidi kifunguliwe na mtu aliyesimama omoni, na mawimbi hayakumruhusu mtu kusimama hapo. Hapo ikabaki njia moja, kwenda mbele Ireland na mlango ukiwa wazi nyuma.

Anayetaka kuelewa kilichofuata na afikirie mwanamke achukuaye maji. Akiyatia mtungini na kujitwika, atatembea maili moja bila ya kumwaga. Akiyatia maji hayohayo katika sinia, hatua ya kwanza itayapeleka upande mmoja, na uzito wake utaivuta sinia ilale zaidi, na kulala huko kutayaongeza maji upande ule. Sitaha ya magari ni sinia. Matundu ya kutolea maji yaliyokuwapo hayakutosha, na maji hayakuwa mengi kwa kuyalinganisha na ukubwa wa meli, lakini yote yalikuwa upande wa kulia. Meli ililala kidogo, kisha zaidi, kwa muda wa saa nne na zaidi, huku abiria wakivalishwa maboya na mfanya kazi wa simu ya upepo, David Broadfoot, akituma habari za mahali walipo. Habari hizo zilikuwa na makosa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeweza kupajua mahali hasa katika hali ile, na manowari iliyotumwa kuwasaidia ilitafuta upande wa Scotland hali meli imekaribia Ireland. Yapata saa nane mchana, karibu na visiwa vya Copeland, ilipinduka. Mashua iliyotiwa wanawake na watoto ilipigwa na bahari dhidi ya ubavu wa meli ikavunjika. Waliookoka walikuwa 44, wote wanaume. Waliokufa walizidi 130; hapakuokoka mwanamke hata mmoja wala mtoto hata mmoja. Nahodha alizama na meli yake. Broadfoot hakukiacha chombo chake cha simu, na baada ya kufa alipewa George Cross, nishani iliyo kubwa kuliko zote apewazo raia katika Uingereza.

Mahakama ya uchunguzi ilikaa Belfast mwaka huohuo. Ilisema kwamba milango ya tezi haikuwa na nguvu za kutosha na kwamba sitaha haikuwa na njia za kutosha za kutoa maji. Ilisema pia jambo linalouma zaidi: mwezi wa Novemba 1951 bahari ilikwisha ingia kwa mlango huohuo, na wenye meli hawakuchukua hatua iliyopasa. Bahari ilikuwa imebisha hodi mara moja kabla ya kuingia.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba baada ya hayo watu waliuogopa mlango. Hawakuuogopa. Townsend alikuwa na meli mpya tangu mwaka 1950, Halladale, manowari nyingine iliyotengenezwa upya. Calais ilipata daraja la magari mwaka 1951, na mwishoni mwa Juni 1953, miezi 5 tu baada ya msiba wa Princess Victoria, Dover ilifungua gati lake la magari lenye madaraja ya kupanda na kushuka na maji. Winchi zilikwisha kazi yake. Familia iliyotoka London asubuhi iliendesha gari mpaka ndani ya meli, ikanywa chai, ikaendesha mpaka nje, nayo haikuona tofauti kubwa baina ya sitaha na barabara. Ndiyo iliyokuwa nia ya kila mmoja aliyetajwa katika habari hizi. Wala haifai kuwacheka: kuvuka bahari kulikuwa jambo la matajiri, kukawa jambo la mwalimu wa shule na mwenye duka.

Hatua iliyobaki ilikuwa ni kukata mlango pande zote mbili. Gari lililoingia kwa tezi lililazimika kugeuzwa au kurudishwa kinyumenyume, na dakika ni fedha. Mwaka 1964 meli ya Kinorwe, Viking I ya kampuni ya Thoresen, ilianza kuvuka kutoka Southampton hadi Cherbourg, magari yakiingia nyuma na kutoka mbele. Mwaka 1968 kampuni hiyo iliungana na ile ya Townsend. Kampuni ya Townsend ilikuwa imeanza kuziita meli zake Free Enterprise, yaani biashara huria, kwa kukumbuka ugomvi wake wa zamani na kampuni ya reli, na mwaka 1980 kampuni iliyounganishwa ilipata kwa safari za Dover na Calais meli yenye kwenda mbio iliyoitwa Herald of Free Enterprise.

Tarehe 6 Machi 1987 meli hiyo ilikuwa Zeebrugge, katika Ubelgiji. Daraja la bandari ile halikuifikia sitaha yake ya juu, kwa hiyo omo ilikuwa imeshushwa kwa kujaza maji katika matangi ya mbele. Ilitoka jioni, omo ingali chini na milango ya omo ingali wazi. Msaidizi wa sarahangi, ambaye kazi yake ilikuwa kuifunga, alikuwa amelala chumbani mwake. Ofisa aliyepaswa kuhakikisha aliondoka akaenda kwenye daraja la nahodha. Nahodha hakuweza kuiona milango kutoka pale aliposimama, na desturi ya kampuni ilikuwa kwamba asipoletewa habari ya kasoro ahesabu kwamba kasoro haipo. Meli ilipoongeza mwendo bahari iliingia kwa omo, ikafika kwenye sinia, na katika dakika chache ikalala kwa ubavu katika maji yasiyo na kina, sehemu yake ikiwa juu ya bahari. Walikufa watu 193.

Ukuta wa pili ulikuwapo nyuma ya milango ile, nao pia uliachwa wazi. Kiwanda kilichounda meli za vita mwaka 1942 kiliuweka. Meli ya kuchukua watu wanaokwenda kununua vinywaji Ubelgiji ilikuwa nao pia, lakini hapana aliyeufunga. Jaji Sheen, aliyeongoza uchunguzi, hakuishia kwa yule aliyelala. Alipanda ngazi mpaka ofisi za juu, akakuta kwamba manahodha wa kampuni walikuwa wamekwisha omba, kabla ya msiba, wawekewe taa ndogo pale wasimamapo, ya kuwaonyesha kama milango imefungwa au i wazi. Ombi hilo lilipokewa ofisini kwa mzaha. Baada ya msiba, katika siku chache tu, taa hizo zilikuwa zimefungwa katika meli zilizosalia.